Stelingi Hafi, Ila Mezani

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi moja jioni hapa Dar es Salaam, kabla ya kuonyesha filamu, mbele ya vijana wa gemu za mezani na wazazi waliokuja kujionea watoto wao wanashinda wapi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu mliokaa mbele, kina mama, na nyie vijana mlioniachia kiti chenye mguu mbovu, habari za jioni.

Naanza na wazazi. Najua mna swali na mmelificha kwa adabu. Mtoto anaondoka nyumbani saa nane mchana na mfuko wa vifuniko vya soda. Anarudi magharibi, umemwekea chakula, anakwambia hana hamu, leo ameuawa na joka. Mzazi gani hatauliza?

Gemu yenyewe ni hivi. Watu wanne au watano wanakaa kuzunguka meza. Mmoja ni msimulizi, sisi tunamwita masta. Masta anasema: "Mmefika mlangoni. Mlango umefungwa. Ndani mnasikia mtu anakohoa. Mnafanya nini?" Hapo kila mchezaji anasema mtu wake anafanya nini. Mmoja atabisha hodi, mmoja atachungulia dirishani, na yupo mmoja, kila meza inaye, atakayeupiga mlango teke. Jambo likiwa na shaka, bahati inaamua. Wenzetu wana dadu yenye pande 20. Kuipata hapa mjini ni kazi, ndiyo maana ya vifuniko: viko 20, kila kimoja kimeandikwa namba kwa maka peni, vimo ndani ya mfuko wa kitenge. Unaingiza mkono, unatoa, namba kubwa ndiyo bahati. Ukitoa 20 meza nzima inapiga kelele. Ukitoa 1 inapiga kelele zaidi.

Ndiyo hiyo tu, mzee wangu. Hakuna hirizi mle mfukoni, ni vifuniko.

Sasa, mimi haya yaliniingia wapi? Nilikulia Tanga, na pale mtaani palikuwa na kibanda umiza. Wa rika langu naona mnacheka. Chumba cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza, deki ya video iliyopigwa kofi kila baada ya nusu saa, na joto la tanuri. Unalipa, unaumia, kesho unarudi.

Mle ndani kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: stelingi, yaani shujaa wa picha, hafi. Adui amemzunguka na watu 50, sisi tunaendelea kutafuna karanga. Atatoka tu. Lakini hata kwa kujua hivyo, tulipiga kelele. "Nyuma yako! Usiingie! Geuka, yupo nyuma ya mlango!" Stelingi hasikii. Anaingia, anakula rungu la kichwa, na sisi tuliokuwa tunajua la kufanya tunabaki kulaumiana gizani.

Na tulikuwa na watu wa kutuchochea. Uganda wanawaita VJ, Kenya wana DJ Afro, sisi tulikuwa na Lufufu: mtu anayeichukua filamu ya Kichina au ya Marekani na kuisimulia upya kwa lugha yetu, anamtania adui, anampa stelingi maneno ambayo hakuyasema, anaongeza habari za mkwe na za deni la unga. Wasomi wanaweza kusema ilikuwa ni kuharibu filamu. Mimi nasema ndipo nilipojifunza umasta. Picha ilikuwa ya mtu mwingine, simulizi ilikuwa ya kwetu.

Kwa hiyo nikiulizwa gemu hii inatofautianaje na filamu, jibu langu ni fupi: mezani stelingi anasikia. Ukisema geuka, anageuka, maana ni wewe. Ila kuna gharama yake. Mezani stelingi anakufa.

Na nikiulizwa ni filamu gani inayomtia mtu hamu ya kucheza, sihesabu majoka. Nasikiliza kelele. Filamu ikikufanya ukae kimya mpaka mwisho, ukatoka ukisema "hawa jamaa wametisha," ni filamu nzuri, nenda kalale. Ile itakayokufanya ubishane njia nzima mpaka nyumbani, "mimi pale nisingepita darajani, ningezunguka kwa nyuma," hiyo ndiyo yetu.

Hata walioianzisha gemu hii walitokea sebuleni mbele ya televisheni. Dave Arneson, kijana wa Minnesota kule Marekani, alikuwa na kundi la marafiki waliozoea kupanga vita vya Napoleon kwa vinyago vya askari. Mwenyewe alisimulia kwamba wikendi moja, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alishinda akitazama filamu za mazimwi mfululizo huku akisoma hadithi za Conan, shujaa wa upanga, na kutafuna bisi. Alipoamka pale kwenye kochi alikuwa na wazo: ngome, na chini ya ngome mashimo, na ndani ya mashimo viumbe. Wenzake wakaja wakitegemea Napoleon, wakateremshwa shimoni. Baadaye akaungana na Gary Gygax wa mji wa Lake Geneva, Wisconsin, na mwaka 1974 wakatoa Dungeons & Dragons. Nakala 1,000 za kwanza, ndani ya kiboksi, dola 10. Gygax alipokuja kuorodhesha vilivyomlea, mwaka 1979, alitaja vitabu kwa majina, mwandishi mmoja baada ya mwingine. Filamu alizipa sentensi moja, kwamba zilimwathiri sana, basi. Hakutaja hata moja. Tangu hapo watu wanabishana ni zipi, na mimi nina zangu.

Ya kwanza ni Sindbad. Naona mzee pale ametikisa kichwa. Sindbad ni wetu kwa namna fulani. Waomani wa Sohar wanadai ni mtoto wao, na bahari anayoisafiri ni hii hii ya majahazi, ya kaskazi na kusi. Mwaka 1958 fundi mmoja wa Marekani, Ray Harryhausen, alitengeneza viumbe vya filamu ya The 7th Voyage of Sinbad kwa mkono. Anachukua sanamu ndogo, anaisogeza kidogo, anapiga picha moja, anaisogeza tena. Mle mna jitu la jicho moja, mna joka, mna ndege rukh mwenye vichwa viwili. Huyo rukh pia tunamjua: Marco Polo alipomsimulia, ndege anayemnyanyua tembo, alimweka visiwa vya upande wa Madagaska, na Madagaska kweli kulikuwa na ndege mkubwa asiyeruka, aliyetoweka, ambaye yai lake lilizidi la mbuni kwa mbali.

Lakini mtazameni baharia, achaneni na rukh. Mabaharia wa Sindbad wana njaa. Wanakuta yai kubwa kama chumba. Wanalivunja. Kifaranga anatoka, bado ana unyevu. Wanafanya nini? Wanamuua, wanamchoma, wanakaa kula. Mama yake anarudi.

Nimekuwa masta kwa miaka kadhaa, na naapa mbele yenu, kila kundi nililowahi kuliweka mbele ya yai limefanya vilevile. Hakuna aliyewahi kuliacha. Aliyeandika tukio lile, hata kama hakuwahi kuiona gemu hii, aliwajua wachezaji.

Harryhausen huyo huyo, mwaka 1963, alitengeneza filamu ya Jason na mabaharia wake wa Kigiriki. Mwishoni viunzi saba vya mifupa vinatoka ardhini, vina mapanga na ngao, vinapigana na watu watatu. Tukio la dakika chache tu, lilimchukua miezi minne na nusu. Mle mna jambo dogo la kutazama: panga za wale watu hazina pa kukata. Hakuna nyama. Katika matoleo ya zamani ya gemu, upanga ukimpata kiumbe wa mifupa unafanya nusu ya kazi, rungu linafanya kazi yote. Kijana aliyewahi kuona pambano lile huhitaji kumfundisha sheria hiyo. Anaacha upanga, anaokota jiwe.

Na nyingine ambayo ni sheria kabisa iliyotoka kwenye kioo. Katika kundi la Arneson kulikuwa na mchezaji ambaye mtu wake alikuwa mnyonya damu, na akawa na nguvu mno, anawasumbua wenzake. Ikabidi apatikane wa kumdhibiti. Wakamtoa kwenye filamu za kutisha za Kiingereza, zile za kampuni ya Hammer, ambamo mwigizaji Peter Cushing anamkabili Dracula, mnyonya damu asiyestahimili msalaba wala jua. Katika ile ya mwaka 1958, mwisho kabisa, mzee Cushing hana msalaba. Anarukia meza, anang'oa mapazia jua liingie, kisha anakamata vinara viwili vya mishumaa na kuvikutanisha viwe msalaba. Kutokana na hayo gemu ikapata kasisi, mtu anayewarudisha nyuma wafu kwa imani yake. Kwetu Tanga angekuja na ubani na Ayatul Kursiy, na wapo wachezaji wangu wanaomcheza hivyo hivyo, sijawazuia. Ninachokipenda ni vile vinara. Hakuambiwa na mtu kwamba vinafaa. Alikuwa amebanwa, akaangalia chumbani kuna nini.

Hapo ndipo vijana huniuliza, na The Lord of the Rings je? Sawa, haikwepeki. Filamu tatu, 2001 mpaka 2003, zimeleta watu mezani kuliko mimi nitakavyoweza kusema. Ila kwa maoni yangu sehemu kubwa ya zile filamu ni ya kutazama: majeshi, milima, muziki. Ya kuchezwa ni dakika chache za mapangoni Moria. Watu tisa wameingia kimya, wamekaa siku kadhaa gizani, na yule mdogo, Pippin, anaona mzoga umekaa ukingoni mwa kisima. Ana mshale umemchoma. Pippin anaugusa. Mzoga unatumbukia, mnyororo unafuata, ndoo inafuata, kelele inateremka kisimani mpaka huko chini, halafu kimya. Halafu ngoma. Sasa naomba msigeuke kumwangalia, lakini Pippin wa Jumamosi zetu amekaa mstari wa tatu, ameshika chupa ya soda.

Zipo ambazo hazifai, nazipitia haraka. Zote za mtoto aliyetabiriwa. Kama utabiri umeshasema atashinda, mimi nitupe dadu ya nini? Na mwaka 2000 ilitoka filamu yenye jina la gemu yenyewe, wakamtia mwigizaji Jeremy Irons ndani, na bado ukiitazama huoni kama waliotengeneza waliwahi kukaa mezani. Ile ya 2023, Honor Among Thieves, ni habari nyingine. Wanafukua makaburi wapate habari za kofia iliyopotea. Dua yao inamfufua maiti kwa maswali matano tu. Na wao, kama wachezaji wote duniani, wanamaliza maswali kwa upuuzi, "hilo nalo limehesabiwa?", naam, limehesabiwa. Maiti anarudi kulala, wanaenda kaburi la pili na sepetu. Nilicheka mpaka jirani yangu akahama kiti.

Kidogo kwa wazazi tena, maana wasiwasi wenu una wazee wake. Mwaka 1982 televisheni ya Marekani ilionyesha filamu ya Mazes and Monsters, kijana Tom Hanks akiwa mwanafunzi anayecheza gemu ya aina hii mpaka akili inamruka, anaamini ni kweli. Wazazi wa kule walitishika miaka mingi. Mwaka huo huo, Steven Spielberg alitoa E.T., na mapema kabisa ndani yake kuna wavulana wamekaa mezani nyumbani wanacheza. Mdogo wao anataka kuingia, hawamtaki, wanamtuma nje akapokee pizza. Huko nje ndiko anakosikia kitu kibandani. Filamu mbili, mwaka mmoja. Ya kwanza iliwaonyesha wazazi kichaa, ya pili iliwaonyesha kaka anayemfanyia mdogo wake uonevu wa kawaida. Mimi mwanangu anacheza, na ninachokiona nyumbani ni ule uonevu wa kawaida.

Sasa twende kwenye ya leo, ambayo haina joka hata moja. Wale waliokuja kwa ajili ya joka watanisamehe.

Seven Samurai, ya mwongozaji Akira Kurosawa, Japani, 1954. Nyeusi na nyeupe. Dakika 207, kuna mapumziko katikati, na choo kiko nje kulia. Wakulima wa kijiji kimoja wanajua majambazi 40 watakuja mavuno yakiiva. Hawana fedha. Wana mpunga. Wanaamua kwenda mjini kutafuta samurai, wale wapiganaji wa upanga wa Kijapani, watakaokubali kupigana kwa kulishwa wali mara tatu kwa siku, huku wenyewe wakila ulezi.

Mtazameni Kambei, samurai wao wa kwanza, anavyoingia. Mwizi amemteka mtoto, amejifungia ghalani, ana kisu. Watu wamejaa nje hawathubutu. Mzee Kambei anashuka mtoni, ananyolewa kichwa. Kwa samurai kunyoa kishungi si jambo dogo, watu wanaduwaa. Anaazima joho la mtawa, anaomba matonge mawili ya wali, anauendea mlango kama mtu wa Mungu aliyeleta chakula. Ndivyo mchezaji mzuri anavyocheza: hajauliza ana nguvu kiasi gani. Ameuliza, "Masta, hapa kuna mtawa? Kuna wali?"

Halafu kijijini. Kambei anazunguka na ramani. Upande huu mashamba yajazwe maji, huku uzio, daraja livunjwe, na nyumba tatu zilizo ng'ambo ya daraja ziachwe ziungue. Wenye zile nyumba wanatupa mikuki yao chini. Mnajua hapo tulisimamisha mwaka jana tukabishana kwa dakika 40? Nyumba tatu kwa kijiji. Vijana wakagawanyika. Binti mmoja wa miaka 14, aliyekuwa hajasema neno tangu aje, akainua mkono akauliza kwa nini hakuna anayekwenda kuongea na majambazi. "Wana njaa na wao. Tuwape nusu ya mpunga, wao watulinde dhidi ya wengine."

Nilijaribu kumwambia filamu haiendi hivyo. Akasema, "Najua, mwalimu. Ndiyo nasema."

Tukaicheza. Jumamosi tatu. Kijiji tukakihamishia kwenye bonde la mpunga, karibu na mto wenye mamba. Binti akaenda yeye mwenyewe kambini, na kaka yake, bila silaha. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kifuniko: 17. Majambazi wakakubali. Msimu wa kwanza mambo shwari. Msimu wa pili wakaanza kuoa kijijini, na mkubwa wao akataka kuwa mjumbe wa nyumba kumi. Hilo halikuandikwa na Kurosawa wala na mimi. Lilitoka mezani, na mwisho wake ulikuwa mbaya, na yule binti aliomba turudie kuanzia pale kambini. Nilikataa. Alinuna wiki nzima. Leo ndiye masta wa meza ya pili, na nasikia ni katili kuliko mimi.

Kitu kingine mkiangalie. Kambei ana karatasi. Amechora duara 40, kila duara jambazi mmoja. Akifa mmoja, anaweka mkwaju. Vita vyote vya mvua na matope, na mzee anarudi kwenye karatasi yake kuhesabu waliobaki. Wazazi mliowahi kufua suruali mkakuta mfukoni karatasi yenye vidoti na mikwaju, mkadhani ni mikeka ya kubeti mpira, ndiyo hiyo.

Na ile sheria ya kibanda umiza, isahauni leo. Waliokwenda saba hawarudi saba. Majambazi wana magobole matatu, na gobole halijali nani ni stelingi, nani amejifunza upanga miaka 20. Sitataja nani. Nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa mtu mzima, nilikuwa peke yangu chumbani, na nikajikuta nimesema kwa sauti, "Hapana, huyo hafi huyo." Kioo hakikusikia.

Nimemaliza, bado utaratibu tu. Mapema kwenye filamu, Kambei anatafuta wenzake. Anawapima hivi: anamweka kijana nyuma ya mlango na rungu, anamwambia ampige kwa nguvu zote atakayeingia. Wa kwanza anaingia, mtaona. Kabla wa pili hajafika kizingitini nitasimamisha filamu na kuwasha taa. Mfuko wa kitenge utapita, kuanzia mstari wa mbele, na wazazi pia, hakuna kukwepa. Kila mmoja anatoa kifuniko, anasema yeye angefanya nini pale mlangoni, ndipo tutaona samurai alifanya nini. Maandazi yako nyuma, moja moja kwanza.

Baba pale mlangoni, tuzimie taa tafadhali.